Karatasi Moja, Dhahabu Mbili

Wakesho mwanangu,

Umetoka na Mutua kwenda soko la Ghulail kununua unga wa mahindi wa kubeba Riyadh, kana kwamba huko watu wanakula mchanga. Nimekuacha uende kwa sababu nilitaka chumba chetu kiwe kimya. Madam Mkubwa amelala baada ya chakula cha mchana, mashine inafua, na mimi nimekaa kwenye kitanda chako na lile daftari la orodha ya sokoni. Ukisikia karatasi inanuka bizari, ndiyo hiyo.

Sikuandikii kukukumbusha sweta wala dawa ya kifua. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniuliza, "Mama, wewe unachajiwa wapi?" Nilicheka, lakini nilisikia. Leo nina jambo moja tu. Tunalijua watu wawili, mimi na Mutua, na linaingia moja kwa moja kwenye kazi unayoiendea.

Kesho asubuhi dereva wa Madam Hind atakuja kukuchukua, wewe na lile sanduku la sarafu za Warumi za marehemu Baba. Nikiandika Baba ujue ni mzee wa nyumba hii, si baba yako. Utaenda kufanya kazi kwa binti yake, huyo Madam Hind. Utazipiga picha moja moja, kila moja utaiweka pamoja na karatasi yake, na mwisho kitabu cha mnada kitachapishwa watu wa dunia nzima wakisome. Ikama yako, kile kibali cha kukaa nchini, imeshahama kutoka nyumba kwenda ofisi. Mimi nimekaa nchi hii miaka kumi na minne na sijaona mtu wetu akitoka jikoni akaingia ofisini. Uliponionyesha ile karatasi kwenye simu, niliingia bafuni nikafungulia maji ili usinisikie.

Sasa ngoja nianzie Riyadh, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kuharibika.

Nilikuacha Voi kwa bibi yako una miaka tisa, nikakuambia naenda mwaka mmoja. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, ya watu kumi na mmoja na mabinamu wasiokatika. Wiki ya tatu nilivunja birika la kahawa la mama mwenye nyumba, la kioo, lililotoka kwa mama yake. Mimi nililelewa hivi: ukivunja, sema. Basi nikakusanya vipande kwenye aproni nikampelekea mwenyewe. "Madam, nimevunja." Hakunipigia kelele, sitamsingizia. Alinyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaitia kwenye droo ya kabati lake, akafunga. Simu ilikaa humo miezi miwili. Ni katika miezi hiyo miwili ulipougua malaria mpaka ukalazwa, na mimi huku nilikuwa nikipiga pasi kanzu nikidhani unacheza.

Hapo ndipo kitu ndani yangu kilipogeuka. Nikajiambia, Rehema, hapa ukivunja, fagia. Mkataba ulipokwisha nikaja Jeddah, kwenye nyumba hii ya mtaa wa Al-Hamra, nikiwa na somo hilo moja kichwani.

Wewe ulimkuta Baba ameshakuwa mzee wa kushikwa mkono. Nilipofika mimi alikuwa bado anatembea hadi baharini na kurudi. Alikuwa injinia wa barabara, amestaafu, na pesa zake zote za starehe ziliishia kwenye ile ofisi ya chini. Unalikumbuka lile kabati la droo nyembamba. Kila droo ina kitambaa chekundu chenye vishimo vya mviringo, kila kishimo kina sarafu, na chini ya sarafu kuna karatasi ndogo iliyokunjwa. Nyingine zilikuwa za zamani sana, rangi ya chai. Mimi kazi yangu humo ilikuwa sakafu tu. Lakini nilikuwa nikizichungulia akifungua, na hizo karatasi nilidhani ni za kuzuia kitambaa kisichafuke, kama sisi tunavyotandika gazeti chini ya masufuria.

Miaka saba iliyopita Baba alipelekwa Riyadh kupasuliwa macho. Madam Mkubwa akaenda naye. Sikukuu ilikuwa imekaribia, akanipigia simu: "Rehema, safisha nyumba yote, na ofisi pia. Wageni watakuja." Nilitaka kumfurahisha. Unanijua, nikisifiwa naweza kufua hata ukuta. Nikafungua droo ya kwanza nikaona vumbi, nikafungua ya pili nikaona vidudu vile vidogo vinavyokula kitambaa. Basi nikatoa sarafu zote za droo ile, kama thelathini hivi, nikazitia kwenye chujio la mchele. Sabuni ya vyombo, limau, na mswaki mkuukuu. Karatasi zikaenda kwenye pipa pamoja na maganda ya vitunguu.

Mutua akaingia jikoni kutafuta chai. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa udereva hapa, hata Kiarabu cha "geuka kushoto" hajakijua.

"Mama Wakesho, hizo ni nini?"

"Ni sarafu za Baba. Tazama zilivyokuwa chafu, hata sura hazionekani."

Akaokota moja, akaitazama, akaigeuza. "Na karatasi zake ziko wapi?"

"Karatasi zipi?"

"Zile ndogo ndogo za chini."

"Ah, takataka zile? Nimetupa."

Mutua akashika kichwa. "Ai, mama! Umechukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto thelathini ukatia kwa pipa, halafu watoto wenyewe umewaogesha wote kwa beseni moja!"

Nilidhani ananitania. Akachukua karatasi moja juu ya maganda akanisomea, maana yeye alifika kidato cha pili. Jina la mfalme, jina la aliyeiuza, jina la aliyeinunua, na picha iliyo mgongoni mwa sarafu.

Tukamwaga pipa lote sakafuni. Yeye anasoma, mimi natafuta.

"Mwanamke ameshika mizani."

"Huyu hapa."

"Farasi wanne na mtu nyuma."

"Wanne au watatu? Mmoja nimemsugua akapotea."

"Mzee mwenye ndevu ameketi."

"Ndevu wanazo wote, Mutua, sema vizuri!"

Tulicheka, si uongo, tulicheka kama watoto. Ilipofika alasiri kila moja ilikuwa imerudi kwake, isipokuwa mbili.

Ni zile mbili za dhahabu, Wakesho. Upande mmoja mfalme yuleyule, nywele zimechanwa kuja usoni kama mtoto anayepelekwa kanisani. Upande wa pili mwanamke amesimama, na miguuni pake kuna ngamia mdogo. Zinafanana kama pacha, na karatasi ilikuwa moja. Tulipekua mpaka tukafungua maganda ya mayai, haikuonekana nyingine. Ndipo nikakumbuka kwamba hata mwanzo kishimo kimoja hakikuwa na karatasi. Lakini kipi? Zilikuwa zimekaa jirani, na mimi nilizichota pamoja kwa ngumi moja.

"Chagua wewe," Mutua akasema. "Mimi mkono wangu siuweki hapo."

Nikachagua inayong'aa zaidi. Nilijiambia yenye kung'aa ndiyo ya maana, na ya maana ndiyo yenye karatasi. Sijui akili hiyo niliitoa wapi. Nikaiweka juu ya karatasi, nikasukuma droo, nikaenda kupika.

Baba aliporudi, hakumaliza hata siku moja kabla ya kugundua. Macho yalikuwa bado na bandeji, lakini vidole vyake vilikuwa vikiona. Akaniita. Mkononi ana moja ya shaba, pana kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Ilikuwa kijani kama jani la mwembe, mimi nimeifanya njano kama bomba la bafuni.

"Rehema, umeiosha?"

"Ndiyo, Baba." Nilikubali kwa sababu hilo lilikuwa linaonekana.

Akasema polepole ili Kiarabu changu kifike: "Ule ukijani si uchafu. Ni ngozi yake. Imeiotesha ardhini miaka elfu na mia nane, na wewe umeichuna kwa limau." Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka Madam akaja kuangalia. "Jana ilikuwa inanunua gari," akamwambia mkewe, "leo inanunua tairi."

Nilingoja neno la kufukuzwa. Badala yake akasema, "Kaa chini. Macho yangu yanakwisha, na wewe mikono yako inapenda vitu vyangu. Basi niazime macho yako."

Ndivyo shule yangu ilivyoanza. Mimi niliyeacha darasa la nne kwa ajili ya kuchunga, nilipewa ufunguo wa ofisi, na kila Alhamisi baada ya alasiri nilikaa kwenye kiti cha ngozi namwekea Baba sarafu mkononi, na yeye anauliza, "Unaona nini?" Nilikuwa nasema ninachoona tu. Mtu mnene, shingo imejaa kama ng'ombe dume. Mwanamke amesuka nywele kama kikapu, zitakuwa zilichukua siku nzima. Yeye anacheka, kisha ananiambia ni nani na alimfanyia nani nini. Majina yalikuwa yananitoka sikio la pili. Mambo yenyewe yalibaki.

Nikajua kwamba hazikupigwa kwa mashine. Mtu aliweka donge la madini ya moto, akaweka chuma chenye sura juu yake, akapiga nyundo. Ndiyo maana hakuna mbili zenye ukingo mmoja, kama chapati za mikono tofauti. Nikajua kwamba zamani zile mtu wa mbali alijua mfalme amebadilika pale alipolipwa na kuona sura mpya. Yaani habari ilikuja mfukoni. Nikajua wafalme waliokuja nyuma walikuwa wakichanganya shaba kwenye fedha kidogo kidogo, kama muuza maziwa anayeongeza maji, mpaka ikabaki ngozi ya fedha tu. Nikajua neno dinari nililolisikia kanisani tangu utoto ni kitu, kidogo kama kitufe cha shati, na nilikuwa nimekishika.

Na yule mwanamke mwenye ngamia? Baba alisema huyo si mtu. Ni nchi. Ni Arabuni yenyewe, imechorwa kama mwanamke, siku mfalme yule alipoichukua sehemu ya kaskazini, huko walikopita misafara ya ubani. Nikamuuliza, mbona ngamia mdogo kama mbuzi? Akasema pengine aliyechora hakuwahi kumwona ngamia, aliambiwa tu. Mpaka leo namfikiria fundi huyo. Amekaa Rumi, anauliza watu, "Ana nundu moja au mbili?"

Kitu kimoja hatukuelewana mimi na Baba. Aliniambia sarafu moja ya dhahabu kama ile ilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima wa askari. Nikafurahi sana, nikasema kumbe zilikuwa za watu wa mshahara kama sisi. Sasa kwenye mnada, nikauliza, ipi ina bei kubwa? Akasema ile isiyochakaa. Iliyofukiwa mapema, haijanunua hata mkate, ndiyo watu wanaigombea. Iliyozunguka sokoni, ikalisha watoto, ikapita mikono elfu mpaka pua ya mfalme ikafutika, hiyo bei yake ni ndogo. Nikamwambia hilo silipendi. Akasema, "Soko halijakuuliza, Rehema." Lakini tangu siku ile kila akininyooshea mkono nilikuwa nampa zilizochakaa kwanza.

Kisha, Alhamisi moja, akanifundisha karatasi.

Akaniambia kwamba zile dhahabu mbili uzito wake unakaribiana, uzuri wake ni mmoja, na bado moja ina bei na nyingine haina kabisa. Moja ilitoka kwa familia ya zamani ya Ulaya, ikauzwa mnadani, ikapita kwa watu watatu, na kila mmoja aliandika kwenye karatasi ileile. Ukoo wake unajulikana. Nyingine aliinunua yeye akiwa kijana, sokoni katika nchi ya jirani, kwa mtu aliyeitoa kwenye soksi. Hajui ilichimbwa wapi, kaburini mwa nani, kwa ruhusa ya nani. Alisema aliona aibu ya ile ya soksi maisha yake yote, na kwamba haitauzwa kamwe, wala kwa jina lake wala kwa jina la mtoto wake.

Mimi nimekaa pale, Wakesho. Nikaitazama ile inayong'aa, juu ya karatasi niliyoipa mimi.

Miezi ikapita, na siku moja akasema, "Nipe ile yenye karatasi." Nikampa inayong'aa. Akaizungusha ukingo kwa kidole gumba, polepole. Kisha akauliza:

"Hii?"

"Ndiyo, Baba."

Akanirudishia. "Haya."

Nimelala na "Hii?" ile miaka yote. Alijua? Vidole vilivyojua shaba imechunwa vingeshindwa kujua dhahabu yake? Labda alikuwa ananifungulia mlango niingie mwenyewe. Labda alikuwa mzee tu anayeuliza. Ningesema "Sijui" pale pale ingekwisha. Neno moja. Lakini mimi nilikuwa naiona ile droo ya Riyadh na simu yangu ndani yake. Na nikuambie ukweli wote, haikuwa hofu ya kufukuzwa peke yake. Niliogopa kupokonywa Alhamisi zangu. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa "unaona nini" na mtu yeyote, akiulizwa mara moja, anaweza kudanganya ili aulizwe tena. Hilo ndilo nimejifunza kuhusu mimi, na si zuri, lakini ni langu.

Baba akafa mwaka jana bila kuniuliza tena.

Wiki iliyopita Madam Hind alikuja kufunga sanduku. Wewe ulikuwa umeshika taa ya simu, mimi nimeleta chai. Akatusimulia ile sarafu ya dhahabu ya mmoja wa waliomuua Kaisari, yenye majambia mawili na kofia katikati, iliyouzwa Uingereza kwa mamilioni ya dola, bei ambayo sarafu ya kale haikuwahi kufika. Watu wakapiga makofi. Miaka michache baadaye ikajulikana karatasi za ukoo wake zilikuwa za uongo, watu wakakamatwa, na sarafu ikarudishwa Ugiriki. Wewe ukauliza, macho yamekutoka, "Na nani alipanga hizo karatasi?" Mimi nikatoka. Ulidhani nimekwenda kutoa keki. Hakukuwa na keki.

Ni swali lako lililonitoa mle ndani. Kwa sababu za Baba nani atazipanga? Nani atapiga picha, sarafu kushoto, karatasi kulia? Na ile ya ngamia ndiyo itakayokaa mbele ya kitabu, Madam Hind alisema, bei yake nyumba na shamba Voi na chenji inabaki. Anayenunua kwa bei hiyo atachunguza. Akikuta karatasi si ya sarafu hiyo, jina litakalotafutwa kwanza ni la msichana Mkenya aliyezigusa mwisho. Nani atakumbuka kulikuwa na mama mmoja na chujio la mchele?

Nilimwendea Mutua Ijumaa, chumbani kwake Al-Mahjar, ukadhani nimepeleka kanzu za kushonwa. Nikamwambia nataka kusema. Akasema, "Mama, wacha. Ni nusu kwa nusu. Pengine uliweka sawa."

"Na kama si sawa?"

"Basi ukisema, ikama ya mtoto itarudi jikoni. Hiyo nayo umeipigia hesabu?"

Nilimlaumu njia nzima nikirudi, na alikuwa amesema kweli tupu.

Kwa hiyo nilipochukua daftari hili leo, mpango wangu ulikuwa huu: nikuandikie wewe, usome ukiwa njiani, halafu uamue mwenyewe la kufanya. Niliona ni busara. Lakini nimefika hapa nikajisoma, nikaona ninachofanya. Nakupa mzigo wangu uubebe siku yako ya kwanza ya ofisi, na mimi nibaki huku nikiwa mwepesi. Ungemwambia Madam Hind, ungekuwa umemsaliti mama yako. Ungenyamaza, ungekuwa umeanza kazi pale nilipoishia mimi, kwa kufagia.

Naweka kalamu kidogo.

Nimerudi. Mashine imemaliza kufua na sijaanika. Nimempigia Madam Hind.

"Kheri, Rehema? Wakesho mgonjwa?"

"Hapana, Madam. Ni mimi." Nikamwambia. Limau, pipa, Mutua kusoma, ngumi moja, inayong'aa. Kiarabu changu kilikuwa kinaanguka na kuinuka, nikamaliza kwa mikono ingawa hanioni.

Akanifanya nirudie ile ya ngumi moja, kisha akauliza:

"Baba yangu alijua?"

"Sijui, Madam. Aliniuliza mara moja, nikamdanganya."

"Miaka saba."

"Ndiyo."

"Nimeshawatumia watu wa mnada picha ya ile sarafu. Unajua hilo?"

"Sikujua. Sasa najua."

Nikamsikia anavuta pumzi. Hapo nilikuwa nangoja "halas", yaani basi, imekwisha. Neno hilo limenifungia milango mingi nchi hii. Halikuja, na mimi sikuweza kungoja zaidi. "Madam, gari lisije? Kama ni hivyo niambie mapema, nimpikie mtoto chakula cha jioni, alikuwa amepanga kula kidogo kwa ajili ya safari." Upuuzi gani huo, lakini ndio ulionitoka.

"Rehema, usinichanganye," akasema. "Gari litakuja."

Kisha akanieleza, na sauti yake haikuwa tamu, nisikudanganye. Sarafu za familia zile za zamani zilipigwa picha zikiuzwa, vitabu vipo, baadhi anavyo yeye. Na kwa kuwa nyundo haikurudia ukingo, sarafu na picha yake vinaweza kukutanishwa hata baada ya miaka mia. Ila hakuna ambaye angehangaika kutafuta, kwa sababu karatasi ilikuwepo, na karatasi inaaminiwa. Atawaandikia watu wa mnada leo wasubiri. Wewe ndiye utakaa na hizo mbili na vile vitabu, kabla ya kazi nyingine yoyote. Ikionekana yenye karatasi ni ipi, itauzwa hiyo, na ile ya soksi itabaki kama Baba alivyotaka. Isipoonekana, zote mbili hazitoki. Nyumba na shamba na chenji yake, vyote vitalala kwenye droo.

"Na wewe," akasema, "ufunguo wa ofisi umrudishie mama yangu leo."

"Sawa, Madam."

Nimeufungua kwenye kamba ya shingoni, nimeuweka kwenye trei yake ya chai, ataukuta akiamka. Ofisi yenyewe ni tupu sasa, hakuna kitu humo isipokuwa kile kiti. Hata hivyo shingo inauliza.

Basi ndivyo ilivyo, mwanangu. Kazi yako ya kwanza ya ofisini ni kosa la mama yako. Unaweza kukasirika, una haki, na ukitaka kasirika mpaka Riyadh, ni safari ndefu inatosha. Sina hakika hata kama nimefanya vema. Nimejua tu kwamba nilipokuwa nikiongea na Madam Hind nilikuwa yule Rehema wa Riyadh mwenye vipande kwenye aproni, na nilifurahi kumwona tena. Alikuwa mtu mwema yule, kabla hajajifunza.

Nasikia geti. Ni nyinyi, Mutua anacheka kitu. Nakunja hii naitia kwenye mkoba wako pamoja na pasipoti.

Vitabu vile utavifungua kwa uangalifu, utalinganisha ukingo na ukingo, ngamia na ngamia. Usiamini inayong'aa. Na ukijua ni ipi, niambie mimi kwanza kabla ya mtu yeyote.

Hapana. Mwambie Madam Hind kwanza. Halafu mimi, hata kama nina sabuni mikononi. Miaka saba nimekaa natamani kujua ni ipi.

Mama